Tunda la Bibi Harusi

Kazi yangu ni kuandika vibao. Ukiingia kwenye bustani yetu ya mimea ukaona chini ya mti kipande cha bati kilichopakwa rangi nyeupe, chenye jina la mti, mahali ulikotoka na mwaka uliopandwa, basi mkono ulioandika ni huu. Watu husoma, hutikisa kichwa kama wameelewa, kisha huendelea na matembezi yao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza nani aliandika. Sijali. Kusema kweli najali kidogo, ila nimezoea.

Leo nataka kumwandika mtu, na mtu haenei kwenye bati. Ni shemeji yangu, mke wa marehemu kaka yangu. Pale bustanini kila mmoja, kuanzia mlinzi wa getini mpaka Daktari, yule mama anayetuongoza, alimwita Mama Mkwe. Si kwamba ana mkwe, maana hakujaaliwa mtoto. Jina lilitokana na mmea mmoja aliokuwa akiutunza kwenye kitalu, uliofunikwa chandarua cheupe kuanzia utosini hadi miguuni. Kwa ajili ya shela lile tuliuita mmea Bibi Harusi. Sasa mwanamke anayesimama mlangoni na kumhoji kila anayesogea, "Umenawa? Umetumwa na nani? Unataka nini?", tungemwita nani tena? Jina hilo nililianzisha mimi, mwenyewe anajua, na mpaka leo akilikumbuka hunikata jicho.

Kibao cha Bibi Harusi ndicho kifupi kuliko vyote nilivyoandika. Kinasema umetoka kisiwa cha mawe kisicho na watu. Mstari wa mwisho unasema: idadi iliyobaki duniani, mmoja.

Aliyeuleta ni kaka. Alikuwa fundi wa taa za minara, zile zinazoonya meli zisipande mwamba. Mara mbili kwa mwaka boti la bandari lilimpeleka kwenye kile kisiwa kurekebisha taa, likimwacha huko siku tatu na mkate wake na madumu yake ya maji. Kisiwa chenyewe ni kidogo, unakizunguka chote na chai yako bado ina moto. Lakini Daktari alinieleza kwamba mahali pa namna ile, pakikaa peke yake maelfu ya miaka, mbegu iliyoletwa na ndege au na maji hubadilika polepole mpaka inakuwa mmea usio na ndugu popote. Kaka hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba kulikuwa na kichaka kizuri nyuma ya mnara, na safari moja akarudi na mche wake ndani ya kopo la rangi.

Jioni hiyo tulikuwa watatu mezani. Kaka akasimulia kwamba ameliona tunda la kile kichaka limepasuka, akalinusa.

"Nikakaa chini kabisa," akamwambia mkewe. "Linanuka kama wewe."

"Acha uongo wako," Shem akasema, akimchapa kwa kitambaa cha meza. "Sasa mbona hukuniletea?"

"Lilikuwa limeliwa nusu. Safari ijayo nakuletea zima, unuse mwenyewe."

Shem akaenda jikoni kuleta maji huku akificha uso kwa furaha. Akiwa huko kaka akanichekesha na kisa kingine cha kisiwani, mpaka nikapaliwa na chai. Kisa hicho nitakisema mbele. Sikifichi ili kunogesha hadithi, nakichelewesha kwa sababu kinaniaibisha.

Safari ijayo haikuwepo. Miezi minne baadaye presha ilimwangusha kaka kwenye ngazi za mnara mwingine, na hakuinuka. Mwaka wa tatu baada ya msiba watafiti walikwenda kile kisiwa wakakuta meli ya mizigo imekwama pale na panya wake wameshuka. Panya walikuwa wamekula mbegu, wakala maganda, wakala mizizi. Nyuma ya mnara palikuwa na vishina vilivyotafunwa tu. Ndipo mche uliokuja kwenye kopo la rangi, ambao Shem alikuwa ameupanda kwa kumkumbuka mumewe, ukageuka kuwa kitu cha kuandikiwa barua na watu wa mbali.

Mwaka wa tano ukatoa maua, rangi ya chungwa, umbo la kikombe. Asubuhi moja Shem akamkuta mjusi wa kijani kazamisha kichwa chote ndani ya ua, na chini maua mengine yameanguka. Akili yake ikajumlisha hapo hapo: mjusi anayala. Alikwenda nyumbani, akafungua chandarua cha kitanda chao cha ndoa, akarudi nacho begani.

"Shem, na mbu je?" nikamuuliza.

"Wataniuma mimi peke yangu. Hakuna mwingine mle."

Ukingo wa chandarua aliubana kwa mawe bapa kumi na moja, na kila jioni aliyahesabu kabla ya kuondoka. Kila mwaka maua yalifunguka, yakakaa siku zake, yakaanguka makavu. Daktari alijaribu kukata vitawi na kuviotesha, vikaoza. Akaazima brashi yangu nyembamba kuliko zote, ile ya kuandikia herufi ndogo, na kila ua lilipofunguka tu alfajiri yeye na Shem wakaligusa kwa ndani, wakachukua ule unga wa njano na kuupaka katikati ya ua. Wapi! Miaka ishirini na miwili Bibi Harusi alipambwa na hakuna kilichotokea.

Sasa nikueleze Shem alikuwa anangoja nini, maana wengi walidhani anangoja sifa. Kazi yake kitaluni ilikuwa kubeba samadi na kuichanganya na udongo, kazi ya jasho hasa. Lakini kila siku saa tisa na nusu alikwenda kwenye bomba nyuma ya tangi na kipande cha sabuni ya waridi, akajisugua mpaka viwiko vikang'aa, akavaa gauni jingine ndipo akaenda nyumbani. "Kaka yako hajawahi kunusa samadi kwangu hata siku moja," alikuwa akijigamba. Baada ya msiba ile sabuni iliacha kutengenezwa. Akahifadhi kipande kimoja, amekifunga kwenye leso, kwenye droo ya kitalu pamoja na mikasi. Siku tunda litakapotoka atalinganisha.

Mwanzoni nilimtania sana kwa hilo. Niliacha siku aliponiambia, mikono yake ikiwa ndani ya udongo, bila hata kunitazama: "Picha yake ninayo, Shem. Sauti yake bado naisikia. Ila yule mwanamke aliyekuwa akimwona yeye, mimi simjui. Nilikuwa naye nyumba moja na simjui. Lile tunda linamjua."

 Na mimi nilimkosa kaka, kwa namna yangu. Alipokuwa hai alikuwa na tabia ya kupita kwenye karakana yangu mara mbili kwa wiki, saa nane mchana, jua likiwa limesimama juu ya bati, kuniuliza mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Rangi nyekundu inakauka kwa muda gani? Mvua itanyesha lini? Nilimwona anapoteza wakati wangu. Siku hizi ikifika saa nane najikuta natazama mlango.

Mwaka wa ishirini na saba, miezi michache kabla ya Shem kustaafu, mtoto wa jicho alimzidi, macho yote mawili. Mawe alikuwa akiyahesabu kwa kuyapapasa. Daktari akamlazimisha aende hospitali, na madaktari wa huko wakamkataza kuinama na kuingia kwenye vumbi kwa wiki tatu baada ya kupasuliwa. Ulikuwa msimu wa maua. Aliniita mimi.

"Mawe ni kumi na moja. Kila jioni uyahesabu."

"Shem, mimi nimekwenda shule."

"Uyahesabu tu."

Nikayahesabu, naapa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne bati langu moja lilijikunja kwa joto na nilikuwa nimeshalipaka rangi, nikahitaji kitu kizito na bapa cha kulilaza. Nilichukua jiwe moja, la nyuma, lisiloonekana. Nilisema nitalirudisha kabla ya jioni. Kisha kikaja kibao kingine, na kingine, na jiwe likageuka kuwa kifaa cha karakana, na mimi nikawa nahesabu kumi na kujiambia mambo ni shwari.

Wiki tatu zilipokwisha Shem akarudi na macho mapya. Alipitia kwangu kwanza. Aliona vumbi kwenye rafu, akaona kosa kwenye kibao nilichoandika miaka sita iliyopita, akanitazama usoni, akashtuka. "Kumbe umezeeka hivi!" Tukacheka sana wote wawili. Akaenda kitaluni, na kabla sijarudi kwenye kiti nikasikia ukelele.

Nilimkuta amesimama katikati ya kitalu, amemshika mjusi wa kijani kiunoni. Chandarua kilikuwa kimeachama upande wa nyuma, na mijusi wengine wawili walikuwa wanakimbilia paani.

"Mawe ni kumi," akasema. "La kumi na moja liko wapi, Shem?"

Lilikuwa mezani kwangu, na duara la rangi nyekundu juu yake. Hakungoja nijibu, maana uso wangu ulijibu. Alinisema siku hiyo, mbele ya wenzetu waliokimbilia ukelele, maneno ambayo siyarudii hapa, na yote nilistahili. Lakini nusu sikuyasikia. Nilikuwa namtazama yule mjusi mkononi mwake. Pua yake ilikuwa imejaa unga wa njano.

Kisa cha kaka ndicho hicho. Jioni ile, Shem akiwa jikoni, kaka aliniambia: "Mdogo wangu, kile kichaka kina mijusi! Wanazamisha vichwa kwenye maua, wanatoka pua zimejaa unga, utadhani wametoka mashine ya kusaga." Akaigiza mjusi anayefuta pua. Nilicheka mpaka chai ikapita njia siyo yake, halafu nikakisahau, kama mtu anavyosahau kichekesho. Sasa kikanirudia chote. Ningeweza kusema pale pale. Nilinyamaza, kwanza kwa woga, halafu kwa hasira ya kutukanwa mbele ya watu. Sijivunii.

Shem alilichukua jiwe lake, akafunga chandarua upya na kuninunia siku arobaini. Akiwa na neno kwangu alimpa mwingine, hata nikiwa nimesimama hapo hapo. "Mwambie mwandika vibao atoe ngazi yake njiani." Mlinzi wa getini alikuwa anageuka kunitazama, ananiambia: "Unaambiwa utoe ngazi yako njiani." Kazi ikawa tamthilia.

Siku ya arobaini na kitu aliingia karakanani, hakuna salamu, akaliweka lile jiwe lenye duara jekundu juu ya meza yangu.

"Njoo," akasema.

Alinyanyua chandarua, akanionyesha tawi la chini, upande wa nyuma. Maua yalikuwa yameanguka kama kawaida yake. Lakini pale ua moja lilipokuwa, kikonyo chake hakikukauka. Kilikuwa kimevimba, kijani, ukubwa wa kifungo cha shati.

"Siyo macho mapya yananidanganya?" akaninong'oneza. "Nawe unaliona?"

"Naliona, Shem."

Daktari alikuja na kioo chake cha kukuzia, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake safi. Alikaa hapo muda mrefu. Mwishowe akatueleza kwamba ua la Bibi Harusi hutoa unga siku mbili za mwanzo, wakati huo bado halijawa tayari kuupokea. Linakuwa tayari siku ya nne au ya tano, unga wake ukiwa umekwisha, nalo linaanza kuchakaa. Sisi tulipeleka brashi siku ya kwanza. Mjusi hana ratiba, anapita kila siku, anatoka ua changa anaingia ua kuukuu. Yale maua yaliyokuwa chini mwaka wa tano yalikuwa yameanguka kwa wakati wake tu, hakuna aliyeyala.

"Tumemfungia mlango mshenga," Daktari akasema, akajifuta magoti na kuondoka haraka kwenda kuandika barua zake.

Tulibaki wawili. Shem alikuwa ameshika ukingo wa kile chandarua cha ndoa yake, kimeshonwa viraka mpaka hakina mahali pa sindano. Nikamwambia yote: jioni ile, chai, mijusi, mashine ya kusaga. Alinifanya niseme tena tangu mwanzo.

"Miaka ishirini na miwili," akasema nilipomaliza. "Mimi nimeufunika kwa mikono yangu, wewe umenyamaza kwa mdomo wako. Tumesaidiana."

"Nisamehe, Shem."

Hakusema amenisamehe. Akauliza: "Alicheka aliposema hivyo?"

"Alicheka sana."

"Alichekaje? Nifanyie."

Nikajaribu. Kaka alikuwa anaanza kwa kukohoa kidogo, halafu anapiga meza. Nilikohoa, nikapiga ndoo. Haikufanana hata kidogo, lakini Shem alifumba macho yake mapya akasikiliza mpaka mwisho.

Chandarua kiliondoka siku hiyo. Alikikunja mara nne akakirudisha nyumbani. Mijusi wakaingia watakavyo, lakini sasa tuliogopa panya. Nilikata mabati ya vibao vya zamani nikaufunga mmea kola pana shinani, mnyama asipate pa kushika. Ukiinama unaweza kusoma kwa chini majina ya miti iliyokwisha kuanguka. Ni kazi mbaya ya bati, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Mwisho wa mwezi Shem akastaafu. Kesho yake asubuhi alikuwa getini na kiti chake cha plastiki. Mlinzi akamwambia jina lake halimo tena kwenye daftari la kazi. "Basi niandike mgeni," akajibu, akapita. Ikawa hivyo miezi mitano. Hakuweza kukaa bure, kwa hiyo alikuwa anabeba samadi kama zamani, na saa tisa na nusu anakwenda bombani kujisugua, ingawa nyumbani hakukuwa na wa kumnusa. Tunda likawa kama yai, likawa kahawia. Jioni akiliaga alikuwa analiwekea kiganja chini yake bila kuligusa. Kuna siku aliniambia anaogopa. Kama halitanuka waridi, maana yake kaka alimdanganya, au yeye amesahau, na hakujua lipi ni baya zaidi.

Lilipasuka siku ya kawaida tu, mchana. Daktari alilipokea kwenye sahani, akahesabu mbegu kwa macho, sita, akasema lazima ziingie kwenye mchanga leo leo. Halafu akamtazama Shem. "Nina simu ya kupiga. Nipeni dakika kumi." Akatoka, na simu yake akaiacha juu ya meza.

Shem alifungua droo, akatoa leso, akaifungua. Alinusa sabuni kwanza, taratibu, macho yamefumbwa. Akaiweka chini, akanyanyua tunda kwa mikono miwili. Akanusa. Akalishusha, akakunja uso, akanusa tena. Kisha akanipa mimi.

Nusura nilirudishe kwenye sahani. Waridi halikuwemo kabisa. Lilinuka samadi iliyopoa, udongo uliotoka kumwagiwa maji, na jasho, jasho la mtu anayefanya kazi juani, na chini ya hayo yote utamu mdogo, kama wa majani yanayochacha. Ilikuwa harufu ya kitalu. Ilikuwa harufu ya Shem saa nane mchana akiwa na gunia begani.

Saa nane. Nikaona njia aliyokuwa akiijia kaka. Njia fupi ya kufika karakanani ni kupitia getini moja kwa moja. Yeye kila mara alitokea nyuma, upande wa banda la samadi, viatu vimejaa vumbi, ananiuliza rangi nyekundu inakauka kwa muda gani. Miaka yote hiyo nilidhani anakuja kwangu. Safari hii sikunyamaza, nilimwambia Shem hapo hapo.

"Saa nane?" akauliza.

"Saa nane. Mara mbili kwa wiki."

"Mimi nilikuwa naoga saa tisa na nusu."

"Ndiyo, Shem."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, halafu kicheko kikageuka, akalia kama hajawahi kulia tangu siku ya msiba, na mimi nikalia naye, wazee wawili na tunda linalonuka. "Kumbe alikuwa ananijua," alikuwa anasema. "Kumbe alikuwa ananijua siku zote."

Daktari aliporudi alichukua sahani. Tukatoka pamoja, saa tisa na nusu imefika, mikono ya Shem ina udongo mpaka kwenye viwiko. Tulipofika nyuma ya tangi alisimama. Aliiweka ile sabuni juu ya ukingo wa bomba, kwa yeyote atakayeitaka, akaenda nyumbani bila kunawa.